Saini zangu sita

Shoga, niko chooni kazini, nalia. Usipige simu, soma tu.

Nilimpelekea msimamizi mkataba wangu wa kutengeneza cherehani za hapa kazini, nikamwonyesha kwa kidole: saa thelathini kwa wiki, hazipunguzwi mpaka nikubali kwa maandishi. Sasa napewa saa nane! Nikamwambia taratibu, "Kaka, labda mmepitiwa."

Akacheka. Akafungua faili, akatoa ratiba za wiki sita. "Na hizi saini za nani, fundi? Za bibi yangu?"

Zangu, shoga. Zote sita. Juu ya kila saini imeandikwa "nimekubali mabadiliko".

Mimi nilidhani nasaini kuonyesha nimepokea ratiba, kama ninavyosaini kila cherehani ninayotengeneza! Kila Ijumaa analeta, mikono yangu ina oili, nasaini bila kusoma, na asante juu.

Na kibanda changu cha ufundi nilikifunga kwa ajili ya hizo saa thelathini. Wateja wote nikawaelekeza kwa fundi mwingine.

Nikamuuliza, "Ulijua sikuelewa?"

"Si wewe unayesoma kila kitu, dada yangu?"

Dada yangu. Alisema hivyo.

Ratiba ya saba ninayo hapa. Nimeandika chini: "Nimeipokea. Sijakubali." Sasa naogopa kutoka kumpa.