Nimefukuzwa kazi na baba

Wewe, nimefukuzwa kazi. Na baba. Mbele ya mteja.

Nilikata mapazia ya mama mmoja kwa vipimo vya dirisha letu la sebuleni. Mkono umezoea, nifanyeje. Leo kaja anawaka moto, anataka kuonana na mwenye kampuni.

Kampuni! Kiduka cha familia, cherehani mbili na kelele za mama.

Si unajua desturi yetu: mteja akija juu, mmoja wetu anafukuzwa, mteja anapoa, kesho maisha yanaendelea. Kaka kafukuzwa mpaka kazoea. Leo zamu yangu. Baba kakaza uso: "Huyu binti nimemwokota juzi tu. Toka!"

Kaniokota. Mimi, na pua yake hii hii usoni.

Nikasema, "Baba, nisamehe." Mteja hata hakushtuka, kila mzee si ni baba.

Kumbe ana huruma. Kanifuata nje: "Usilie mwanangu. Kesho njoo kwangu, nina duka la viatu. Viatu vina namba zake, huwezi kukosea. Mshahara kila mwisho wa mwezi."

Mshahara. Umesoma vizuri. Baba hunilipa kwa "si unakula hapa?"

Jioni mezani anacheka, eti nimeigiza vizuri. Nikamwambia kesho naanza kwa yule mama. Kicheko kikakatika.

Mama, anayeshona mapazia ya "kampuni" tangu sijazaliwa, akaweka kijiko chini taratibu.

"Muulize kama nafasi ni moja tu."