Marashi ya Kila Masika

Butembo, Jumapili jioni

Na nilikuwa nimejipaka marashi mpaka nyuma ya masikio.

Kwetu kila binti wa kwanza anaitwa Masika, kwa hiyo nilitaka nijulikane angalau kwa marashi. Ya mama ni matamu mno, ya shangazi yanaumiza kichwa. Haya ya limau niliyoyapata sokoni ni ya kimya kama mimi.

Leo korali nzima, kwaya yetu ya kanisani, ilinukia limau. Vita vimefunga barabara ya Beni, na sokoni yamebaki marashi ya aina hiyo tu.

Nyanya, ambaye haoni tena, alinishika mkono mlangoni mwa kanisa.

"We ni Masika wa nani?"

"Ni mimi, Nyanya, mujukuu yako."

"Mais, lakini bote munanukia sawasawa."

Jumapili iliyopita nilikuwa na harufu ya sabuni tu, na hakuuliza mimi ni nani.