Kisanduku Ulichokikataza Mlingotini

Windward, Carriacou,
14 Agosti.

Mpendwa Shangazi Ermine,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Cosnel aliniambia umeanza kutembelea fimbo hata ndani ya nyumba, nikasikitika. Sisi huku miili mizima. Mjukuu wako Kezia ameota meno manne na anang'ata kila kinachomkaribia, hata mimi mama yake.

Sitazunguka, Shangazi. Jumatatu ya mashindano ya mashua uliandika chini ya picha zetu tulizokuwa tukizirusha mtandaoni moja kwa moja, wakasoma wote, wa hapa na wa huko New York: "Cosnel ametuaibisha. Mashua ya baba yangu apewe Hutson, huyu abaki na waya zake." Mashua umeirithi wewe, hakuna anayebisha. Tangu siku hiyo nahodha ni Hutson, aliyekuwa baharia chini yake, na mume wangu Cosnel akipita ufukweni wenzake wanakohoa.

Wewe uliona picha inakwama tu. Mimi nilikuwa gatini, nimeshika antena ya kupokelea kwa mikono hii, naielekeza kwenye mashua kila inakogeuka. Cosnel alikuwa amefunga kamera na kisanduku cha kurushia picha nyuma, chini, karibu na usukani. Mzunguko wa kwanza tuliona mpaka mishono ya tanga.

Halafu upepo ukachachamaa. Wanaume wakahamia wote upande mmoja ili mashua isilale, na upande huo ndio uliotazama gati. Cosnel anasema mwili wa mtu ni ukuta kwa picha inayopita hewani. Kwenye skrini ukabaki mgongo wa Hutson, umeganda. Bi Clarine muuza samaki akaniuliza, "Mwanangu, mgongo huu tutautazama mpaka Krismasi?" Gati zima likacheka. Nami nikacheka, huku nazungusha antena, jasho linaniingia machoni.

Dakika hizo hizo ndipo walipozunguka boya la mwisho. Mashua iliyofuata ikadai tumeligusa, jambo lisiloruhusiwa. Hatukuligusa, lakini kamati ikaomba picha, na kamera ile haihifadhi kitu, inatuma tu. Wakautazama mgongo wa Hutson, wakatufuta mashindanoni.

Sasa nakuambia jambo ambalo Cosnel amenikataza nisiliseme. Kisanduku kile alikitengeneza kikae kileleni mwa mlingoti, juu ya vichwa vya watu wote. Wiki moja kabla ya mashindano alikupigia simu kukuomba ruhusa. Nilikuwa jikoni nasonga unga wa mahindi, simu iko mezani imefunguliwa sauti, nikakusikia kwa masikio yangu: "Mlingoti ule una bendera ya baba yangu. Kopo la redio halikai juu yake nikiwa hai." Cosnel akasema sawa, Shangazi. Akakishusha.

Hutson alipomtukana mbele ya watu, nilingoja ajitetee. Akasema kosa ni lake, akaanza kukunja waya. Nyumbani nikamuuliza kwa nini ameumeza ukweli. Akanijibu, "Yeye ndiye aliyenilea, Verlyn. Nimwanike?"

Kukosa kombe hakuniumi sana. Kinachonichoma ni kwamba ulijua, na bado ukaandika. Nimelisoma lile neno lako mara nyingi kuliko barua zako zote nilizoziweka.

Mimi shule yangu ni fupi, na pengine nimekosa adabu, unisamehe. Bendera ibaki ilipo, hiyo ni haki yako. Nakuomba mstari mmoja tu, palepale ulipoandika ule wa kwanza, kwamba wewe ndiye uliyekataa. Cosnel hajui kama nimeandika. Nami nina imani utauandika, maana mtu aliyemlea mwanamume akawa wa namna hii hawezi kumwacha abebe mzigo usio wake.

Nisalimie Mjomba Bertrand na dada Lenora. Hutson hajambo, hajawahi kuwa hajambo hivi. Mungu akutulizie magoti, akupe na usingizi.

Wako akupendaye, hata wiki hii,
Verlyn