Kosa Ambalo Si la Mama Yako

Campolero, Valtellina
17 Februari 2019

Mpendwa mjukuu wangu Nives,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji mpaka huko Melbourne, mnakotokwa jasho mwezi wa pili kama watu waliopotea njia. Hujambo? Mumeo Corrado hajambo? Na mwanao Agnese, kile kikohozi kimemwachia? Mpe maziwa ya moto na asali, na umfunike miguu hata kama kuna joto. Usinibishie.

Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, masikio yamechoka, mdomo ni ule ule. Mama yako naye ni mzima, anapanda mlima na kurudi kabla sijamaliza kukamua mbuzi wangu wawili.

Herufi zangu utazivumilia. Shule yangu ilikuwa machungani, na kusoma nilijifunzia ukubwani kwenye kalenda ya kanisa. Padri angeniandikia, lakini haya sitaki yapite mkononi mwa mtu mwingine.

Uliniomba nikusimulie maisha ya mama yako ili uandike maneno ya kibao cha ile nyumba ya wapanda mlima kule Colmo, itakayopewa jina lake tarehe kumi Machi. Haya, andika. Alianza akiwa na miaka kumi na nne, na ski za babu yako Battista, mwaka mmoja baada ya poromoko la theluji kumfukia Battista na gunia lake la kahawa ya magendo kutoka Uswisi. Mbao zile za kutelezea thelujini zilikuwa ndefu kumzidi. Nilizificha ghalani, akazipata. Nikazipeleka kwa jirani, akaziiba.

Andika kwamba ndiye mwanamke wa kwanza bondeni kwetu kuongoza wageni mlimani. Wanaume walikuwa wakimuuliza, "Dada, kiongozi wetu yuko wapi?" Naye anawajibu, "Ndiye aliyekufunga kamba kiunoni sasa hivi." Andika kwamba alishuka na ski upande wa kaskazini wa kilele cha Corno Muto, ambako hata mbuzi mwitu hufikiri mara mbili. Andika wasichana wote aliowafundisha, wengine leo wana wajukuu.

Sasa mwaka wa 1975. Hapo ndipo nataka usome polepole.

Mwaka ule kamati ya mbio zetu za kupanda na kushuka na ski ilikubali wanawake kwa mara ya kwanza. Wanakimbia wawili wawili, wamefungana kamba. Mama yako alishirikiana na Mafalda, binti wa mwoka mikate. Wakati ule watu walifunga ngozi za kupandia chini ya ski kwa mikanda, ili ski zisiteleze kurudi nyuma mtu anapopanda. Mama yako alileta mtindo mpya: kuzibandika kwa gundi aliyoipika mwenyewe. Watu walimcheka sana.

Unajua desturi yetu. Siku moja kabla ya mbio, ski na kamba hupelekwa kanisani kubarikiwa. Ngozi hubaki nyumbani, na mtu haruhusiwi kugusa za mwenzake. Mafalda na mama yako walikwenda kwenye misa, wakaziacha ngozi zao mezani kwangu.

Walimaliza kupanda kwa kwanza wakiwa mbele ya wanaume kumi na wawili. Kwenye kupanda kwa pili, juu kabisa kwenye upepo, ngozi zikabanduka. Mafalda aliteleza na kugonga mwamba, bega likavunjika vipande. Mama yako alimshusha kwa kumvuta juu ya ski alizozifunga pamoja. Wanaume waliosimama mwishoni wakapaza sauti, "Rudini jikoni mkapike supu, gundi imewashinda!" Kamati ikafunga mlango. Wanawake hawakukimbia tena kwa miaka kumi na moja. Mafalda hakupanda ski tena, na alikufa juzijuzi akiamini rafiki yake alimponza kwa uzembe.

Mama yako naye ameamini hivyo hivyo. Jumatano alikuja na karatasi ya maneno anayotaka uyaweke kwenye kibao. Alinisomea huku anamenya viazi: kwamba mwaka ule mwenzake aliumia kwa gundi aliyoipika yeye vibaya. Nikamwambia aweke kisu chini.

"Gundi yako ilikuwa nzuri," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilizitundika ngozi zenu juu ya jiko mlipokuwa kanisani."

Akacheka. "Mama, uzee unakuchezea."

"Uzee wangu una akili timamu. Nilizigeuza kama soseji mpaka gundi ikayeyuka na kuzama ndani ya ngozi. Nilidhani hazitashika hata hapa kijijini, mtarudi nyumbani mmenuna. Sikujua zitashika kwanza, kisha ziachie kule juu."

Aliniuliza jambo moja tu: "Mafalda alikufa bila kujua?"

"Bila kujua."

Akavaa buti akatoka. Viazi nilimalizia mwenyewe.

Nives, nilikuwa nimezika mume kwa mlima ule. Sikutaka kuzika na mtoto. Hiyo ndiyo sababu, lakini sababu haimrudishii Mafalda bega lake.

Siku mbili hakuja. Jana akaingia, theluji ikiwa kwenye nyusi.

"Sitakusamehe hapa jikoni," akasema. "Hapa hakuna anayetusikia. Utapanda Colmo siku hiyo, uwaambie wazee wa kamati na watoto wa Mafalda."

"Kwa miguu gani, wewe?"

"Nitakuvuta kwa machela ya waokoaji. Nimeshavuta wazito kuliko wewe."

"Na nikifa njiani?"

"Basi utakuwa umeshapunguza safari ya mbinguni."

Kwa hiyo karatasi yake ichane. Andika kwamba ngozi ziliharibiwa na Orsola, mama yake, kwa woga. Weka jina langu lote, na la Mafalda lianze.

Sijapanda kupita pale misonobari inapoishia mlimani tangu walipomshusha Battista. Nina miaka tisini na mmoja, na naogopa. Jana mama yako alinipima mikanda ya machela kifuani. Mikono yake haikuwa na msamaha, wala haikuwa na hasira. Ilikaza tu, kama anavyomfunga kila mtu anayempandisha, kisha akavuta mara mbili kuhakikisha.

Msalimie Corrado, mbusu Agnese mashavu yote mawili, na umwambie mama yako mdogo Iole huko Sydney kwamba habari hii ataisikia kutoka kwangu, si kwa majirani. Mungu awalinde na jua hilo kali, na awape usingizi wa watu wasio na la kuficha.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye bila kupunguza,
Orsola