Jina la Baba Apewe Mtoto

Njombe, kambi ya mbao

Kwa mke wangu Mama Shabani, Mponde.

Salamu nyingi, na baada ya salamu niambie mgongo wako unaendeleaje, maana najua kubeba kuni hukomi. Mimi huku mzima. Baridi yao wanaisifu, mimi naiona ya kitoto. Bado nasimama juu ya gogo nashika msumeno upande wa juu, vijana wenye nguvu zao wako chini ya gogo wanakula unga wa mbao. Na barua hii nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu.

Habari ya mjukuu niliipata. Unasema mwezi wa pili sasa hana jina, Shabani anangoja kauli yangu, na wewe unataka aitwe Mbaruku, jina la marehemu baba. Nilikataa na sababu unaijua. Baba alimpa mdogo wangu Salimu bonde lote la mboga, mimi mkubwa akanipa kilima cha mawe. Nikaondoka bila kuaga, akafariki hatujasemezana. Sasa mtoto akiitwa Mbaruku, huyo ndiye baba tena. Nimwamkie mtoto wa kunyonya? Mimi?

Lakini sikiliza. Huku jina hilo limeenea. Yuko Mbaruku mlinda mlango, redio ikimtaja watu wanaacha chai ipoe. Yuko Mbaruku tajiri wa malori, tangu biashara iwe ruksa amejaza barabara, na mbao zangu ndiye anayebeba. Juzi jino likanisumbua, daktari aliyeling'oa naye ni Mbaruku, kijana wa Kigoma, mkono mwepesi. Nikamwambia, "Ninyi wote wadogo. Mbaruku ni baba yangu. Alipitisha mfereji wa maji kwenye jabali, wataalamu wa serikali wameshindwa, mpaka leo kijiji kizima kinamwagilia."

Akacheka. "Mzee, mdomo huo ndio unaouma?" Akanitia pamba. Kisha akauliza, "Sasa mtu mkubwa hivyo, kwenu nani karithi jina lake?"

Mama Shabani, nikamwonyesha pamba mdomoni, eti hainiruhusu kusema. Nikalipa, nikatoka. Njia nzima nawaza, wageni wanatembea na jina la baba, sisi tuliokunywa maji yake tumelifukia pamoja naye. Na aliyelifukia ni mimi.

Basi aitwe Mbaruku. Shabani achinje mbuzi wa akika, asiningoje. Salimu ndiye ampakate mtoto akipewa jina, maana ndiye aliyemuuguza baba. Wala usimwambie nimelegea, mwambie nimeamua.

Nisalimie dada yangu Mwanahawa wa Bumbuli, na mkwe wetu aliyejifungua, anywe uji asione haya. Msalimie mwalimu wa madrasa, na jirani yetu fundi cherehani, mwambie koti alilonishonea limepasuka kwapani, aache kujisifu.

Ukishasomewa haya, mchukue mtoto, mwambie sikioni, polepole:

Shikamoo baba. Ni mimi mwanao mkubwa,

Athumani