Nakala ya Mzee

Shoga, nimejifungia chooni. Uzinduzi umeharibika!

Riwaya yangu unaijua. Mzee anaacha kisima wazi, mdogo wangu anatumbukia na kufa, mimi naacha kumwita Baba miaka thelathini, mwishoni namsamehe. Ati riwaya! Ni yetu ile, neno kwa neno.

Sasa nimemaliza kusoma ukurasa wa msamaha, watu wanafuta machozi, shangazi akasimama. Mzee anamvuta gauni, "Dada, kaa." Wapi!

"Kisima uliacha wazi wewe! Ulichota maji ya kumwogeshea mwanasesere. Ulikuwa na miaka sita. Kaka yangu akasema lawama abebe yeye, mtoto asijue."

Mimi, shoga. MIMI.

Na nimekumbuka. Kikopo chekundu, mfuniko wa bati ulivyokuwa wa moto mkononi.

Nikamtazama mzee, nikimwomba akatae. Akainamisha kichwa kama mkosaji ni yeye.

Nikaenda kumnyang'anya nakala niliyomtilia sahihi asubuhi, nichane ule ukurasa wa mbele nilioandika kwa mkono: "Baba, nimekusamehe."

Akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Iache, mwanangu. Hapa umeniita Baba."