Nani Anakujua Nairobi?

Shikamoo Mama,

Huku baridi inanivalisha sweta mbili, lakini leo nimechangamka. Ile miadi ya uhamiaji ya kuombea kibali cha kuishi niliipata, baada ya kuhangaika na simu wiki nzima nikiambiwa nafasi zimejaa.

Nilipomwambia Mama Mutheu, jirani yangu hapa Kangemi ninayeimba naye kwaya, alishtuka. "Na unataka kuenda peke yako, kama mtu hana watu?"

Basi asubuhi nikakuta kina mama wa kwaya wananingoja stejini, pale kituo cha matatu, wote na sare zao za zambarau na chupa za chai. Tulipofika mjini, askari wa getini akauliza, "Hii ni harusi ama nini?" Akaniruhusu mimi tu.

Ndani, dada wa mezani alipekua karatasi zangu bila kuniangalia, kisha akaniuliza swali lilelile uliloniuliza wewe siku naondoka: "Hapa Nairobi nani anakujua?" Nikanyoosha kidole dirishani. Akachungulia, akawaona wanapuliza chai, Mama Mutheu akimpungia mkono.

"Hao wote?"

"Wote."

Akacheka mpaka akavua miwani, ndipo akagonga muhuri.

Kwa hiyo usikeshe ukiwaza nikiugua nitauguzwa na nani. Jioni hii nimepiga chafya mara moja tu, na uji umeshaletwa.

Nakupenda, Mama yangu.

Neema wako